Sura ya Saba: Mgonjwa na Kitanda Chake

Katika tiba zote alizozijua binadamu kabla hajajua jani la kuchemsha wala mzizi wa kusaga, hapana iliyo kongwe kuliko kulala, wala hapana iliyotiliwa shaka kidogo zaidi kuliko hiyo. Mtu akishikwa na homa hujinyoosha. Akivunjika mguu huulaza. Akizaa, akiumwa na moyo, au akifikia umri ambao magoti huanza kulalamika kila asubuhi, jamaa zake wote, bila ya kushauriana, humtandikia. Jambo hili lina asili njema, na katika siku za kwanza za maradhi makali lina manufaa yasiyokanika, wala mwandishi wa sura hii hakukusudia kumwamsha mwenye malaria kali akacheze gwaride. Makusudio yake ni kumfuata mgonjwa huyo mpaka mahali ambapo watu huacha kumtazama, yaani siku ya nne, na siku ya kumi, na mwezi wa pili, wakati ambapo maradhi yaliyomlaza yamekwisha kuondoka au yametulia, naye angali amelala. Na kuuliza ni maradhi gani mapya yaliyoingia nyumbani kwa sababu ya kitanda chenyewe.

Matabibu wa Uingereza wa karne ya 19 waliisifu tiba ya kulala kwa ndimi fasaha. John Hilton, mpasuaji wa London, alichapisha mwaka 1863 mihadhara yake juu ya mapumziko na maumivu, nayo ikasomwa na wanafunzi wa udaktari kwa vizazi. Na Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyezaliwa katika ukoo wa waunga mifupa, na ambaye gango lake la paja lingali linaitwa kwa jina lake, alifundisha kwamba kiungo kigonjwa kitulizwe kabisa, kwa muda mrefu, bila ya kukatizwa. Mafunzo hayo yalikuwa na hekima kwa mfupa uliovunjika na kwa kifundo kilicholiwa na kifua kikuu, katika zama ambazo dawa ya maradhi hayo ilikuwa haijapatikana. Lakini yalitoka kwenye kiungo yakaenea mwili mzima, na kutoka maradhi machache yakaenea karibu maradhi yote, hata ikawa mtu aliyeshikwa na moyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 hulazwa wiki nne mpaka sita, akilishwa kwa mkono wa mwingine na kukatazwa hata kujigeuza. Wengi walikufa katika hali ile, wala haikuwa rahisi kujua ni nani aliyeuawa na moyo na ni nani aliyeuawa na godoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Samuel Levine na Bernard Lown, matabibu wa Boston, walithubutu kuwaketisha wagonjwa wa namna hiyo kitini tangu siku za mwanzo, na wagonjwa wale hawakufa kwa kuketi kama ilivyohofiwa. Kinyume chake walipata nafuu na moyo wa kuishi.

Kabla ya hao, mwaka 1947, tabibu mmoja wa London aitwaye Richard Asher aliandika katika jarida la matabibu wa Uingereza makala fupi juu ya hatari za kwenda kitandani, akakihesabu kiungo kimoja baada ya kingine na madhara yanayokipata kwa kulala. Aliandika kwa mzaha mchungu, na labda mzaha huo ndio uliosaidia makala yake isomwe hata leo, wakati maandishi mengi mazito ya mwaka ule yamelala kwenye makabati. Illa hakuwa na vipimo vingi vya kumtia mtu aibu. Vipimo vilikuja mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, ambako vijana watano wenye siha, wa umri wa miaka 20, walikubali kulala kitandani wiki tatu ili matabibu waone litakalotokea. Uwezo wa miili yao wa kutumia hewa wakati wa kazi nzito ulipungua kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye vijana wale wale, ambao sasa walikuwa watu wa makamo wenye vitambi na mvi, walitafutwa wakapimwa tena. Na ikadhihirika kwamba wiki tatu za kitanda zilikuwa zimewapunguzia uwezo ule kuliko miaka 30 ya umri.

Hao walikuwa vijana. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima 11 wa miaka sitini na zaidi, wazima wa afya, wasio na ugonjwa wowote wa kuwalaza, ambao walikaa kitandani siku kumi tu huku wakila chakula cha kutosha. Kila mmoja, kwa wastani, alipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Na msomaji azingatie kwamba mgonjwa wa kweli hali yake ni mbaya kuliko hao, kwani ana homa inayomla, na hamu ya chakula imemtoka, na aghalabu alikuwa dhaifu kabla hajalala. Mwili hauweki akiba nguvu zisizotumika. Misuli ya mapaja na ya matako, na ile ya mashavu ya miguu, ambayo kazi yake ya kila siku ni kumsimamisha mtu dhidi ya uzito wake mwenyewe, ndiyo inayoyeyuka kwanza, kwa sababu ndiyo iliyoachishwa kazi kabisa. Chombo kilichopandishwa pwani kungoja msimu, kikiachwa juani kupita kiasi, mbao zake hukauka na pamba ya kalafati hulegea, na siku kinaposhushwa majini huvuja bila ya kupigwa na wimbi hata moja. Ndivyo anavyokuwa mtu mzima aliyelazwa mno, anayeonekana mzima maadamu hajashushwa chini.

Mtazame mzee wa miaka sabini na kitu aliyelazwa hospitali kwa kichomi. Dawa zimefanya kazi, homa imekatika, kifua kimefunguka, na asubuhi moja daktari anaandika kwamba mzee aende zake nyumbani. Mwanawe anakuja na kanzu safi na makubadhi, anamshika mkono na kumwambia, "Haya baba, inuka twende." Mzee anaketi, anasimama kwa haraka ili asimcheleweshe mwanawe, uso unampauka, kijasho chembamba kinamtoka kwenye paji, macho yanaingia giza, na kabla hajatamka neno magoti yamekunjika. Wote waliopo wanakubaliana papo hapo kwamba mzee bado ni mgonjwa, wanamrejesha kitandani, na pengine wanamwomba daktari amwongezee siku. Hawajui kwamba kile kilichomwangusha amekipata hapo hapo wanapomrejesha.

Sababu yake yafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa hapana jambo katika somo hili linalodhaniwa vingine kuliko hili. Mtu aliyesimama huwa na damu nyingi miguuni, ambayo mwili huipandisha juu kwa kuikaza mishipa na kwa kubana kwa misuli ya mashavu ya miguu kila anapopiga hatua. Akilala, zaidi ya nusu lita ya damu hiyo huhamia kifuani. Moyo na figo huhisi kwamba maji yamezidi, na kwa siku chache ziada hiyo hutolewa kwa mkojo. Basi mgonjwa hubaki na damu iliyopungua maji, na mishipa iliyosahau kujikaza, na misuli iliyodhoofu. Akisimama ghafula damu humiminikia miguuni, wala haipatikani ya kutosha kufika kichwani. Dawa yake si kurudi kulala. Mgonjwa huketishwa kwanza na mito mgongoni. Kisha huketishwa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akivichezesha vifundo vya miguu juu na chini kwa dakika kadhaa. Kisha husimama huku ameshikwa, akapumzika, akasimama tena. Kwa mwenye kutumia dawa za presha au za kumwongezea mkojo hadhari hiyo ni wajibu mara mbili.

Juu ya mifupa na figo nitapita upesi. Mfupa hupata nguvu kwa kubebeshwa uzito, na usipobebeshwa hupoteza chokaa yake, nayo hutoka kwa njia ya mkojo, ambako pengine hugandamana ikawa vijiwe. Wasafiri wa anga za juu, ambao miili yao haina uzito huko waliko, hupungukiwa mifupa ya nyonga kwa kiasi cha asilimia 1 au zaidi kila mwezi, nao ni watu walioteuliwa kwa siha zao. Utumbo nao huzembea, choo kikafunga. Kibofu hakimwagiki sawasawa kwa mtu aliyelala chali, mkojo ukabaki na kuoza. Vifundo vya mwili hukazana: kiwiko cha aliyepooza hujikunja, goti hujikunja, na unyayo, ukilemewa na shuka iliyochomekwa kwa unadhifu mwishoni mwa kitanda, huelekea chini hata siku mgonjwa atakapotaka kukanyaga kisigino kisifike sakafuni. Na akili, ambayo haionekani, huchoka pia. Mzee aliyetazama dari ile ile usiku na mchana, bila miwani yake, bila sauti anazozijua, huanza kuchanganya asubuhi na jioni, akaweweseka na kuita watu waliokwisha kufa, na watu wa nyumbani wakadhani amerogwa au uzee umemwingia kwa siku moja.

Mapafu yanataka maneno machache zaidi. Mtu aliyelala chali hupumua kwa ufupi, kikohozi chake hakina nguvu, na makohozi hutuama nyuma ya mapafu, ambako huwa mbegu ya kichomi kipya. Mwenye kiharusi ana hatari zaidi, kwani koo lake huenda lisijue tena kumeza vizuri. Na ile desturi yetu ya kumnywesha uji akiwa amelala, huku kichwa kimeegemezwa kwenye mkono wa mlishaji, imepeleka uji mwingi mapafuni mwa watu. Mgonjwa alishwe ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula.

Ama kuhusu damu kuganda, Rudolf Virchow, mwanachuoni wa Ujerumani aliyechunguza jambo hili katikati ya karne ya 19, aliifuatilia safari ya donge la damu kutoka mshipa wa mguu mpaka mapafuni, ambako huziba njia na kuua kwa ghafula. Damu isiyotembea hutaka kuganda. Na kwamba si lazima mtu awe mgonjwa ili yampate hayo, dunia ilijifunza London mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikitupa mabomu usiku kwa usiku, na wakazi wa mji wakikimbilia mahandakini kulala. Wengi hawakupata pa kujinyoosha, wakakesha wakiwa wameketi kwenye viti vya turubai vya kukunja, ambavyo mti wake wa mbele huibana mishipa nyuma ya paja. Na tabibu Keith Simpson, aliyekuwa akichunguza maiti, akaona kwamba vifo vya ghafula vya madonge ya mapafu vimezidi, na wengi wa waliokufa walikuwa watu wa makamo na wazee waliotoka kwenye viti vile. Hapa yafaa kumtahadharisha msomaji ambaye atadhani kwamba akishamtoa mama yake kitandani na kumweka kwenye kiti tangu alfajiri mpaka magharibi amekwisha kutimiza wajibu: kiti nacho ni kitanda kilichokunjwa, asipoinuliwa kutoka humo mara kwa mara.

Sasa tufike kwenye ngozi, ambako madhara ya kulala huonekana kwa macho na kunusika kwa pua. Mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, yaani mfupa wa kitokono, nyonga, visigino, viwiko, mabega na kisogo, uzito wa mwili huibana nyama baina ya mfupa na godoro, vimishipa vidogo vikafungika, na nyama isiyopata damu kwa saa chache huanza kufa. Aghalabu kufa huko huanzia ndani, karibu na mfupa, na ngozi ya juu hupasuka baadaye; ndiyo sababu jamaa husema kidonda kimetokea usiku mmoja, na muuguzi mzoefu hujua kwamba kilianza zamani. Vitabu vingi vya wauguzi vimeandikwa kwa watu weupe, vikisema ishara ya kwanza ni wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani kwa wepesi, na anayeungoja atachelewa. Mwangalizi na apitishe mkono: mahali penye joto kuliko jirani yake, au pagumu, au panapobonyea kama pamejaa maji, au palipokoza weusi, au ambapo mgonjwa hulalamika maumivu, hapo pana hatari, na mgonjwa asilalie tena upande huo. Wala asisuguliwe hapo kwa spiriti wala kwa mafuta, kwa maana kusugua huichana nyama iliyokwisha kudhoofika. Wala asiwekewe kata ya nguo chini ya kitokono, ambayo huzuia damu pande zote za mduara wake. Asiburutwe kwenye shuka anaposogezwa, bali ainuliwe na watu wawili. Na mkojo usimkaukie mwilini.

Zaidi ya yote ageuzwe. Msomaji aliyepita chuoni atakumbuka kisa cha watu wa pangoni kilichomo katika Sura ya 18 ya Qurani, waliolala miaka mingi, na kwamba humo imetajwa namna Mola alivyokuwa akiwageuza ubavu kwa ubavu; na wafasiri wa kale, ambao hawakuwa wauguzi, walilitafakari jambo hilo wakasema kwamba lau wangeachwa upande mmoja ardhi ingaliila miili yao. Hospitali zilichelewa sana kulifanya jambo hilo kuwa kanuni. Katika Vita Vikuu vya Kwanza askari waliovunjika uti wa mgongo walikufa wengi mno kwa vidonda vya kulalia na kwa kuoza kibofu, na matabibu wakawahesabu kuwa ni wafu wanaosubiri siku. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza, alipewa wadi ya majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mara nyingi mwenyewe akapita usiku kuhakikisha. Walipoacha kuoza aliwatafutia kazi na michezo. Na tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki ya London, wagonjwa 16 waliokuwa kwenye viti vya magurudumu walishindana kurusha mishale kwenye uwanja wa hospitali hiyo. Michezo ya Paralimpiki ya leo ilizaliwa hapo.

Yaliyotangulia ni natija. Sababu zake je? Baadhi yake zinajulikana kwa majina. Kiharusi ndicho kinachotangulia katika nchi zetu: uchunguzi uliofanywa baina ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam, hesabu zake zilipokwisha kusawazishwa kwa umri, ulionyesha watu kama 109 katika kila 100,000 hupatwa nacho kwa mwaka huko Hai, na kama 316 Dar es Salaam, kiasi ambacho ni kikubwa hata kikilinganishwa na nchi tajiri, na presha isiyotibiwa ndiyo mama yake. Kuna kuvunjika kwa paja na nyonga. Kuna baridi yabisi, na kisukari kinachokula miguu, na moyo ulioshindwa, na mtoto wa jicho, ambaye humfanya mtu mwenye miguu mizima aogope kizingiti chake mwenyewe. Kuna ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, ambao huwakaza wazee na kuwapunguzia hatua, na ambao wengi wa waliopatikana nao katika uchunguzi wa huko huko Hai walikuwa hawajapata kutambuliwa na mganga yeyote. Jamaa walisema ni uzee. Neno hilo uzee limewalaza wengi kuliko maradhi, kwa sababu likishatamkwa hapana tena anayetafuta sababu.

Mwenye kuvunjika paja ana habari yake. Katika hospitali nyingi za wilaya hapa Afrika Mashariki tiba yake kwa miaka mingi imekuwa kumtoboa mfupa chini ya goti, kumpitishia chuma, na kumvuta mguu kwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwishoni mwa kitanda, wiki sita mpaka kumi na mbili. Na aliyeingia na mfupa mmoja uliovunjika huweza kutoka na goti lisilokunjika na kidonda cha kitokono. George Perkins wa London alionyesha kwamba hata mguu unaovutwa unaweza kufanyishwa mazoezi, goti likakunjwa na kunyooshwa kila siku pale pale kitandani. Tangu mwaka 1999 shirika la SIGN, lililoanzishwa na mpasuaji Lewis Zirkle wa Marekani, limekuwa likizipa hospitali za nchi maskini vyuma vya kupitishwa ndani ya mfupa ambavyo havihitaji mashine ya picha chumbani mwa upasuaji, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili ni miongoni mwa zilizovitumia. Mgonjwa wake huweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache. Ajuza aliyevunjika nyonga naye, akipasuliwa mapema, ana tamaa ya kutembea. Akirudishwa nyumbani akalale, kitanda hummaliza.

Lakini sababu iliyo karibu zaidi nasi haimo katika vitabu vya matabibu, nayo ni hisani. Katika nyumba zetu za pwani mkubwa hafanyi kazi mbele ya mdogo. Bibi akinyanyuka kwenda kuchota maji ya kutawadha, mkaza mwana huruka kutoka jikoni, mwiko mkononi: "Kaa, bibi, kaa, mimi nipo." Akitaka kukunja mkeka wake, mjukuu humnyang'anya. Akisema ataka kutoka barazani, kiti hutolewa, kisha mto, kisha chai, kisha chakula, na hatua zake za siku nzima huwa ni kutoka chumbani mpaka ukumbini. Mambo haya ni adabu, na aliyelelewa vingine husemwa mtaani. Wala mimi siwezi kumlaumu mkaza mwana yule, ambaye akimwacha mkwewe abebe ndoo, jirani ataipeleka habari hiyo msikitini kabla ya adhuhuri. Walakini natija yake ni ile ile ya Dallas, tena kwa taratibu ya miaka. Kisha siku moja bibi anaanguka bafuni, hakuvunjika popote, ila ameingiwa na hofu, na aila nzima imeingiwa na hofu pamoja naye; tangu siku hiyo haruhusiwi kwenda peke yake, naye kwa kuona haya hamwiti mtu mara kwa mara, hupunguza kunywa maji ili asisumbue, na hukaa. Hofu ya kuanguka humdhoofisha miguu, na udhaifu wa miguu humwangusha.

Hospitali ina hisani yake pia, na ina nidhamu yake. Wadi iliyojaa hupenda mgonjwa aliyetulia; shuka iliyonyooka humfurahisha mkaguzi; dripu humfunga mkono, mpira wa mkojo humfunga mguu, na vyote viwili aghalabu huachwa siku nyingi baada ya haja yake kwisha, kwa sababu tu hapana aliyeuliza. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arubaini hawezi kumtembeza yeyote. Kwa hiyo kazi hiyo humwangukia ndugu aliyelala sakafuni chini ya kitanda, naye hajaambiwa kwamba ni kazi yake. Ameambiwa alete uji na afue kanga. Dawa za usingizi nazo, ambazo hupewa mzee anayepiga kelele usiku, humlaza mchana pia.

Mwaka 1935 tabibu Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex, Uingereza, alikabidhiwa nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, yenye vitanda zaidi ya 700 vya watu walioandikwa kwamba hawaponi. Walikuwa wamelala miaka, wengine hawakuwa na jina la ugonjwa wao. Alimchunguza kila mmoja, akawatenga kwa kadiri ya hali zao, akataka vitanda vifupi ambavyo mzee huweza kushuka, na vyuma vya kushikia ukutani, na nuru, na nguo za mchana badala ya nguo za kulalia, akaanza kuwainua. Sehemu kubwa yao walisimama, na wengi wakarudi makwao. Aliandika habari hizo mwaka 1943 na 1946, na kutoka katika maandishi hayo ilizaliwa elimu ya matibabu ya wazee nchini Uingereza. Alichokivumbua, ukikitazama vizuri, hakikuwa dawa wala chombo. Aliuliza kwa kila mtu swali ambalo halikuwa limeulizwa, yaani huyu amelala kwa sababu gani?

Mafakihi wetu walikwisha kuweka ngazi inayofaa kuigwa katika jambo hili. Mgonjwa hasamehewi sala kwa jumla; huambiwa asali akiwa amesimama, asipoweza aketi, na asipoweza alale kwa ubavu; na anayeweza kusimama sehemu ya sala akaketi sehemu nyingine hufanya hivyo. Hukumu inafuata uwezo wa mtu, na uwezo hupimwa upya kila sala, mara tano kwa siku. Lau watu wa nyumbani wangempima mgonjwa wao kwa kanuni hiyo, wangeona kwamba aliyekuwa akilala ubavu Jumatatu aweza kuketi Alhamisi, na kwamba aliyeketi Alhamisi huenda akasimama Ijumaa akishikilia ukuta. Mzee asiyefunga swala ana vipimo vingine: kufika dirishani, kuketi mezani na wenziwe, kuvaa shati mwenyewe hata akichukua nusu saa, na asisaidiwe kifungo anachoweza kukifunga.

Kuna kizuizi kimoja ambacho familia nyingi hukisahau, nacho ni choo. Mgonjwa aliyeanza kusimama hufika mlangoni pa choo cha kuchuchumaa, chenye sakafu iliyolowa na ndoo katikati ya njia, akaona hawezi kuchuchumaa wala kuinuka, akarudi kitandani na kuomba beseni. Na kwa kuwa beseni humvunjia sitara yake, hula kidogo. Sakafu ikaushwe, ndoo isogezwe, taa iwekwe, upigiliwe mti wa kushikia ukutani. Kisha atengenezewe kiti cha kuweka juu ya tundu, ambacho seremala yeyote wa mtaani hukiunda bila ya kuonyeshwa mara mbili: miguu minne iliyotanuka ili kisipinduke, mikono miwili ya kuegemea, na nafasi katikati. Urefu wake upimwe kutoka chini ya kisigino cha mgonjwa mwenyewe mpaka nyuma ya goti lake, na uzidishwe kidogo kwa mwenye nyonga dhaifu, kwani kiti kifupi humkalisha mtu upesi na kushindwa kumwinua.